Kufuli Lililochelewa

Gari jeupe lisilo na madirisha likatokea kuwa la mkwe. Wiki nzima kituo kilikuwa kimeliegemea gari hilo: limeonekana mara kadhaa nyuma ya mochwari, dereva wake ameonekana akinong'ona na Mzee Shuka, mhudumu wa chumba cha baridi, na kwa mtu mwenye haraka ya kufunga jalada hayo yanatosha kumfunga na mtu. Inspekta Kobe hakuwa na haraka, na ndiyo sababu wenzake walimbatiza jina hilo zamani, wengine kwa kumcheka, wengine kwa kumwogopa. Alikwenda mwenyewe kumtafuta dereva, akamkuta anashusha mitungi ya gesi dukani kwake. Jamaa akamweleza, bila kuulizwa mara mbili, kwamba amemwoa binti ya Mzee Shuka, na kwamba binti huyo hataki baba yake ale chakula kilichopoa. Mabakuli yalikuwa bado kwenye kiti cha mbele, yamefungwa kwa kitambaa. Mnong'ono wenyewe ulihusu chumvi, ambayo daktari alikuwa amemkataza mzee na mkwe alikuwa akimpelekea kwa siri.

Basi asubuhi ile Kobe aliingia kituoni mikono mitupu. Kwenye benchi la mapokezi alikuwa amekaa yule mshonaji, kama alivyokuwa amekaa jana na juzi, mfuko mapajani. Ndani ya mfuko mlikuwa na suti aliyomshonea mdogo wake ya kuzikiwa. Hakuna askari aliyekuwa na moyo wa kumwambia arudi nyumbani, na hakuna aliyeweza kupita mbele yake bila kutazama chini.

Habari yake ilikuwa fupi na mbaya. Basi lilipinduka barabara kuu, mdogo wake akafa, naye mshonaji, dada yake, akapanda gari la wagonjwa pamoja na mwili mpaka getini mwa mochwari. Alimtajia karani jina la marehemu, akasimama mpaka alipoona machela imepita mlango wa chuma. Kisha akasafiri kumfuata mama. Mama akaipokea habari vibaya, akalazwa, na siku zikawaishia hapo wodini mpaka mgonjwa alipoweza kuachwa. Aliporudi na jeneza, karani aliliandika jina kwenye kompyuta, na kompyuta ikasema haimjui mtu huyo. Wakafungua droo zote. Hakuwemo.

Mtaani wakaanza kusema kwamba mochwari ile inakula majina. Walisema ukipita nyuma ya ukuta wake utasikia kunagongwa kutoka ndani, na kwamba huyu siye wa kwanza kuingia pale na kutojulikana tena. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, lakini mkuu wa kituo hakuajiriwa kukamata ukuta. Alimkamata mwenye ufunguo. Mzee Shuka ndiye aliyekuwa chumba cha baridi siku ile, peke yake, na ndiye aliyeshtakiwa kwa kuuza maiti na kulifuta jina ili kuficha alichokifanya. Nyumba yake ilishapigwa mawe. Kesho asubuhi alikuwa anafikishwa mahakamani, na kila mtu kituoni alijua kwamba watakaomsubiri nje ya mahakama hawatakuwa wamekuja kusikiliza kesi.

Kobe alianzia mahabusu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari la mkwe wangu limekutia aibu?"

"Limenitia njaa."

Mzee alicheka kidogo, kisha akampisha kwenye kibenchi. Walimwita Shuka kwa kuwa miaka yote ya kazi yake hajawahi kumwacha maiti bila kumfunika, awe tajiri au mlevi aliyeokotwa mtaroni. Hata humo mahabusu blanketi lake lilikuwa limekunjwa pembe kwa pembe. Kobe alimuuliza yale aliyokwisha kumuuliza, naye akajibu vilevile, bila kutia chumvi. Siku ile waliletwa wengi kwa mpigo. Alimpokea kila mmoja, akamlaza, akaandika kwenye kompyuta ya ndani droo yake na alama za mwilini, akamfunga kidoleni lebo yenye namba iliyotolewa na mfumo. Jina haliandikwi kwenye lebo. Jina ni kazi ya getini. Kijana yule alimlaza droo ipi? Hakumbuki, na hatadanganya ili apendeze. Je, katika vurugu ile haiwezekani mmoja alibaki koridoni bila mwangalizi, mtu akampitia?

"Hapana, afande. Kwangu mtu haingii peke yake. Hata siku ile."

Kobe aliyachukua maneno hayo kama majivuno ya mzee anayeipenda kazi yake, akayapita. Mwenda pole hajikwai, wanasema, lakini hapo alijikwaa.

Mochwari ilikuwa jengo la chini, lenye ofisi ndogo getini na chumba cha baridi upande wa pili wa ukuta. Fundi aliyeutengeneza mfumo alikuwa amefika kabla ya Kobe na kukasirika kabla ya kuulizwa. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye kuchagua maneno, na hii ilikuwa mara ya tatu kuitwa. Karani wa getini alikuwa kwenye kiti chake, macho mekundu. Tangu Mzee Shuka achukuliwe, mama huyu alikuwa anakuja kazini kwa kujikokota.

"Kompyuta haisahau, afande," Fundi alisema. "Watu ndio husahau."

Karani alikuwa ameshaapa kwa kila aliye wake kwamba jina aliliandika, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi, na skrini ikamwambia limehifadhiwa. Kobe alimwamini. Tabu ni kwamba alimwamini na Fundi pia, maana Fundi alimfungulia kumbukumbu za seva, ile mashine iliyokaa ndani ya kabati la kioo pembeni na kutunza faili la kila marehemu, na mle hamkuwa na alama yoyote ya mtu kufuta kitu. Hakuna jina lililofutwa siku ile, wala kesho yake, wala mwezi ule.

"Kwa hiyo liliingia," Kobe alisema polepole, "halikutoka, na halimo."

Jokofu lilikuwa linavuma nyuma ya ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu ashike kesi ile Kobe alihisi baridi mgongoni, akachukia kuihisi.

Alimwomba Fundi amweleze mfumo kana kwamba anamweleza shahidi mwenzake. Kila maiti ana faili moja, Fundi alisema, na faili hilo lina waandishi wawili. Wa getini huandika jina na aliyemleta. Wa ndani huandika droo na alama. Kobe akauliza, na wakiandika wote kwa pamoja itakuwaje, mafahali wawili zizi moja? Fundi akatabasamu, maana hilo alikuwa amelisubiri. Alisema ameweka kufuli. Mmoja akishaanza kuandika, faili hufungwa, mwenzake husubiri mlangoni mpaka amalize. Alilijaribu mwenyewe kabla ya kukabidhi kazi na halikumwangusha hata siku moja.

Wakati huo gari la wagonjwa liliingia uani. Machela ikashushwa, ikapita mlango wa chuma, ikapokelewa na mhudumu wa muda aliyeazimwa kutoka wodini, mtu aliyekuwa akitembea mle ndani kama amekanyaga makaa. Ndugu wa marehemu akasimama dirishani, karani akaandika jina na maelezo. Kisha mama yule akaondoa mkono kwenye kipanya na kungoja. Hakubonyeza chochote.

Ukuta ukagongwa kutoka ndani. Kobe alishika ukingo wa meza. Karani akagonga ukuta naye, kwa kifundo cha kidole, na papo hapo akabonyeza.

"Mama," Kobe alimwambia karani, ndugu wa marehemu alipokwisha kuondoka, "hiyo ni nini?"

"Ipi?"

"Hiyo ya kugonga."

Karani alionekana kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. Alieleza kwamba ni utaratibu wa Mzee Shuka, tangu enzi za daftari kubwa. Mzee alikuwa na imani yake, kwamba mtu aliyekwisha kufa asiingizwe na mtu mmoja kwa kalamu moja, kama mzigo stoo. Wamwingize wawili, kwa pamoja, ili asijione mpweke. Zamani walikuwa wanaliinamia daftari wote, huyu anaandika upande huu na yule upande ule. Ilipoletwa kompyuta, na kila mtu akawekwa chumba chake, mzee alisikitika, kisha akapata dawa. Yeye akishamaliza kuandika droo, anagonga ukuta. Karani naye anagonga kumjibu, na hapo wanabonyeza wote wakati mmoja. Miaka yote ya mfumo huu walifanya hivyo, na hata huyu wa muda alishafundishwa.

"Hakuna aliyewahi kuniambia," Fundi alisema.

"Hukuwahi kuuliza. Uliniuliza kama najua kuchapa."

Kobe alikuwa ameshasimama. Maneno ya mzee mahabusu yalikuwa yamemrudia, na safari hii hakuyapita. Alimwambia karani afungue faili jipya la mtu asiyekuwepo, Fundi asimame kwenye kabati la seva, na yeye mwenyewe akaingia chumba cha baridi kwa yule mhudumu wa muda, ambaye alimpisha kiti kwa furaha na kutokomea nje.

Chumba kilikuwa kisafi na kitupu, isipokuwa droo, na droo hazihesabiki kuwa utupu. Kobe alikaa akiwa amezipa mgongo, na mara ile ile akatamani asingezipa mgongo. Aliandika namba ya droo na kovu la uongo kwenye goti. Akagonga ukuta. Ukuta ukamjibu. Akabonyeza.

Karani alipaza sauti kwamba jina lipo na droo ipo. Wakafungua faili jingine, mambo yakawa vilevile. Wakafungua jingine. Kobe alisikia kicheko kidogo cha Fundi upande wa pili, siyo cha ubaya, cha mtu anayeanza kupumua. Aligonga tena, akajibiwa, akabonyeza, akasubiri kupaziwa sauti. Haikuja.

Alipotoka alimkuta karani amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Kwenye skrini, faili la mtu wao wa kubuni lilikuwa na droo, lilikuwa na kovu la goti, na mahali pa jina palikuwa peupe. Mfumo wenyewe, kwa adabu zake, ulikuwa umeshapajaza: *Asiyejulikana*.

"Nimeliandika," karani alisema. "Mmeniona nikiliandika."

"Tumekuona, Mama," Kobe alisema.

Walirudia. Lilipotea tena, kisha halikupotea, kisha safari moja ikapotea droo na jina likabaki, mtu ana jina lakini hana pa kulala. Hapakuwa na mpangilio wowote ambao mtu angeweza kuukamata, na hilo ndilo lililokuwa likitisha. Fundi hakucheka tena. Aliufungua msimbo wake, yaani maagizo aliyoiandikia kompyuta, Kobe akavuta kiti pembeni yake, wakaanza kuusoma mstari kwa mstari. Kobe alikuwa amewahoji watu wengi maishani, na aliihoji mistari ile kwa namna ile ile.

"Huyu anafanya nini?"

"Anapokea agizo la kuhifadhi."

"Na huyu?"

"Analisoma faili jinsi lilivyo sasa hivi. Anabeba nakala yake."

"Halafu?"

"Anaongeza yale mapya kwenye nakala. Halafu anafunga kufuli. Halafu analiandika faili lote upya, anafungua kufuli, basi."

"Rudia hapo pa kufuli."

Fundi alifungua mdomo arudie na hakurudia. Alikuwa anautazama mstari wake mwenyewe kama mtu anayetazama picha ya harusi na kumwona mgeni asiyemwalika. Kobe alimwacha. Ukishamfikisha mtu kwenye kweli yake, usimsukume, atajitumbukiza.

"Kufuli linafungwa baada ya kusoma," Fundi alisema mwishowe. "Nililinda kuandika. Sikulinda kusoma."

Karani aliomba waongee lugha ya watu. Fundi akamgeukia, na kwa mara ya kwanza akaongea naye bila kupanda juu. Alisema wanapobonyeza kwa pamoja, maagizo mawili yanafika kwenye seva yamefuatana kisigino kwa kidole. Yote mawili yanalisoma faili likiwa bado tupu, kwa kuwa kusoma hakuna mlinzi. La karani linaongeza jina kwenye nakala yake tupu. La mzee linaongeza droo kwenye nakala yake tupu. Ndipo yanapofika kwenye kufuli, na pale yanapanga foleni kwa heshima zote. La karani linaandika, linatoka. La mzee linaingia na kuandika faili lote upya kutoka kwenye ile nakala yake, iliyochukuliwa kabla jina halijakuwepo.

"Kwa hiyo anayeandika wa mwisho ananifuta mimi."

"Hakufuti, Mama. Ndiyo maana hakuna alama ya kufuta. Hajui kama uliwahi kuwepo."

Kobe alitembea mpaka dirishani na kurudi. Akamuuliza Fundi kwa nini hili halikuonekana siku ya majaribio. Fundi alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Alisema alijaribu peke yake, mtu mmoja skrini mbili, anabonyeza hapa, anainuka, anaenda kubonyeza pale. Mahali pengine popote ingechukua miaka mpaka watu wawili wabonyeze kwa pamoja kwa bahati mbaya. Hapa walikuwa wanafanya hivyo kwa kila maiti, kwa makusudi, kwa mapenzi.

"Lirekebishe," Kobe alisema. "Sasa hivi, mbele yangu. Kabla hajaletwa mwingine."

Kazi yenyewe haikuwa ndefu, jambo ambalo lilimuumiza Fundi kuliko kama ingekuwa ndefu. Aliling'oa kufuli pale lilipokuwa na kulipandisha juu ya mstari wa kusoma, ili anayetaka kuandika afunge kwanza, ndipo asome, ndipo aongeze, ndipo aandike, na mwenzake asione hata herufi moja mpaka huyu ametoka. Alihakikisha linafunguka hata kazi ikikatika katikati, maana kufuli lililosahauliwa kufunguliwa nalo ni msiba mwingine. Na alilitundika kwenye seva yenyewe, kufuli moja kwa kila faili, siyo kila skrini na la kwake. Kisha wakaanza kugonga. Waligonga mpaka vifundo vya karani vikawa vyekundu na mhudumu wa muda akaja kuuliza kama kuna usalama. Kila mara jina lilikuwepo na droo ilikuwepo.

Lakini hilo lilikuwa la maiti wajao. Kobe alikuwa na maiti mmoja aliyekwisha kupotea na mzee mmoja wa kufikishwa mahakamani kesho.

Alifikiri kwa sauti, kama ilivyokuwa kawaida yake. Kama droo iliandikwa juu ya jina la kijana, basi faili lake halikupotea. Limo ndani ya seva mpaka leo, linaitwa Asiyejulikana. Na asiyejulikana, mochwari yoyote ile, hafiki kwa miguu yake. Lazima aokotwe, na wanaookota ni polisi, na polisi hawaokoti mtu bila kituo kuandikisha. Alimwomba Fundi amtolee wasiojulikana wote wa siku ile ya ajali. Alikuwa mmoja tu: mwanamume, kijana, ana kovu kwenye nyusi. Kobe akapiga simu vituo vyote vya mji, kimoja baada ya kingine, akiwavumilia waliomweka kwenye foleni na waliomtania jina lake. Siku ile hakuna kituo kilichookota maiti.

Karani ndiye aliyelitamka lililobaki. Wasiojulikana, muda wao ukiisha bila kudaiwa, gari la manispaa huja kuwachukua. Lilikuja siku chache kabla dada hajarudi na jeneza. Liliwachukua wote, kwa orodha ambayo mfumo huituma wenyewe, na likawazika kwenye kiwanja cha manispaa, kila mmoja chini ya kigingi chenye namba ya lebo yake.

Kabla Kobe hajaondoka Fundi alimwita. Alikuwa amewatafuta wasiojulikana wote wa miaka yote ya mfumo. Kobe akasogeza kiti na kupiga simu tena. Hakupiga nyingi. Baada ya muda aliacha, kwa kuwa majibu yalikuwa yanafanana: hakuna kituo kilichowaokota. Fundi alikuwa ameshika tama mbele ya skrini, na safari hii hakuna aliyemlaumu.

Karani alimfuata Kobe mpaka kwenye gari. Alimsihi amwambie mzee kwamba ni mashine tu, aishie hapo. Wema wa mtu usimponze mara mbili, alisema. Kobe hakuahidi.

Mkuu wa kituo alisikiliza, akauliza maswali mawili, akatia saini mzee aachiwe. Hakuomba radhi, ila alimtuma askari akasimame kwenye nyumba iliyopigwa mawe. Mahabusu, Mzee Shuka alikuwa ameketi na blanketi lake tayari, kana kwamba alijua. Kobe alimweleza kuhusu faili, kuhusu kusoma na kuandika, kuhusu kufuli lililochelewa. Alieleza vizuri na aliishia pale karani alipomwomba aishie.

"Aliyekosea ni fundi," mzee alisema.

"Ni fundi."

"Na kule kugonga?"

Kobe alitazama chini.

"Mwanangu, nimekuuliza."

"Kama msingekuwa mnabonyeza pamoja, Mzee, lingetokea mara moja moja sana. Pengine lisingetokea kabisa."

Mzee alilikunja upya blanketi lake, pembe kwa pembe. Kisha akauliza kama kijana yule alikuwa peke yake. Kobe alimwambia hapana. Akamtajia wengine waliolala naye kwenye kiwanja cha manispaa, ambao hakuna kituo kilichowahi kuwaokota. Mzee akainuka, akasema anataka kwenda huko sasa, kabla ya kwenda kwake.

Walikwenda na dada. Hakuna aliyekuwa amempanga akae na mzee kiti kimoja, lakini gari lilikuwa moja. Dada alikuwa amemtaja mzee yule kwenye maelezo yake, alikuwa amelia mbele ya umati uliokwenda na mawe, na njia nzima alikuwa akitazama dirishani. Kobe alimwambia yote mwenyewe, pamoja na ile sababu ya kugonga, kwa kuwa aliona amestahili kujua.

Kiwanja kilikuwa kipana, majani mafupi, vigingi vimepangwa kwa kamba. Mtu wa manispaa aliwaongoza kwenye safu ya karibuni na kusoma namba moja moja mpaka akasimama. Dada alipiga magoti. Aliugusa udongo kwa viganja viwili, akaulainisha, akaupapasa kama anavyopapasa kitambaa kabla ya kukikata, na akaanza kuongea na mdogo wake kwa sauti ya chini, akimgombeza kwa jinsi alivyomtafuta. Kobe na mtu wa manispaa walirudi nyuma. Mzee Shuka alibaki pale pale, kofia mkononi.

Dada alipomaliza, aligeuka na kumwona.

"Ulimfunika?" alimuuliza.

"Nilimfunika. Kovu lake la nyusi nilidhani ni damu. Nikalifuta."

"Alianguka mtini, akiwa mdogo."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Kisha akamwomba ruhusa ya kumwita kwa jina, kwa kuwa siku ile, upande ule wa ukuta, jina halikumfikia. Dada akaitikia. Mzee akasogea mpaka kwenye kigingi, akainama, akaliita jina la yule kijana lote, la kwake na la baba yake, taratibu, kama anayeita mtu aliye chumba cha pili. Alisimama kidogo. Akavuta hatua mpaka kwenye kigingi kilichofuata, mmoja wa wale ambao Kobe alimtajia, akainama vilevile, akafungua mdomo, na hakuwa na la kuita.